Reli Moja, Madereva wa Kila Namna: Ushauri kwa Waendeshao Treni Mtandaoni

Usiku wa kwanza nilipoingia katika seva kuendesha treni pamoja na watu wengine, nilipita ishara nyekundu nikiwa na mabehewa thelathini ya makaa ya mawe nyuma yangu, na kabla sijatambua nimetenda nini, breki za dharura zilikuwa zimekwisha kushika, na treni yangu ndefu ilikuwa imelala juu ya makutano ya njia, imeziba upande wa kwenda na upande wa kurudi. Watu saba, kila mmoja na ratiba yake, wakasimama. Yule aliyekuwa akisimamia ishara hakuniuliza neno wala hakunieleza. Kioo cha kompyuta yangu kiligeuka cheusi, na maandishi mafupi yakanijulisha ya kuwa nimeondolewa. Sikumlaumu kwa kuniondoa, maana njia ilikuwa haina budi kufunguliwa. Nililolilaumu, na ningali nalilaumu hata leo, ni kwamba hapakuwapo mtu wala utaratibu wowote wa kunizuia nisipewe treni ile tangu mwanzo.

Baada ya usiku ule nimeendesha treni nyingi, nimekaa katika vibanda vya ishara kwa saa zisizohesabika, na nimesaidia kuzisimamia seva mbili za wenzangu. Na swali linalorudi kila mahali, likigawa marafiki na kuvunja jamaa za wachezaji zilizodumu kwa miaka, ni hili: je, wanaokuja kustarehe tu watengwe na wale walio mahiri, na ikiwa watatengwa, watengwe kwa njia gani? Nimekusudia kuwapa ushauri wote watatu wanaohusika, yaani mwenye seva, mjuzi na mgeni, nikitoa mifano katika michezo ninayoifahamu: SimRail ya Poland, iliyotolewa kwa umma Januari 2023; Train Driver 2, ambayo nayo ni ya Wapoland; na Run 8, ambayo huwapeleka wachezaji katika milima na majangwa ya California ya kusini.

Yatupasa kwanza kuelewa kwa nini jambo hili lina uzito katika treni kuliko katika michezo mingine. Dereva wa motokaa asiyejua kazi hupitwa, na rubani asiyejua huambiwa azunguke angani mpaka wenziwe watue. Lakini treni haipitwi ila mahali palipo na njia ya pembeni, na hata hapo haipitwi mpaka mtu aliye kwenye kibanda aigeuze swichi ya njia kwa wakati wake. Kwa hiyo kosa la mmoja halimkai mwenyewe peke yake, bali hushuka juu ya kila aliye nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, hata mtu aliye umbali wa kilomita hamsini, ambaye hajapata kulisikia jina la mkosaji, huona taa ya manjano pasipo kujua sababu. Wale wasemao kwamba huu ni mchezo tu, na kila atakaye na aingie ashike treni yoyote, hawana nia mbaya. Walakini hawajapata kukaa saa mbili wakiitunza ratiba, kisha wakaipoteza katika dakika za mwisho kwa sababu ya mtu aliyetaka kujaribu honi.

Na wale watakao kufunga lango kabisa, nao wajihadhari. Nimeziona seva zilizokuwa na wajuzi watupu, wenye kujuana kwa majina na kwa sauti, ambazo katika muda wa mwaka mmoja zilibaki na watu wanne, kisha wawili, kisha ukimya. Maana wajuzi huoa, huhama, hupata kazi za usiku, na pasipo mwanagenzi wa kuchukua mahali pao, kibanda hubaki kitupu.

Hapa ndipo nataka msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu naona ugomvi wetu mwingi hutokana na kuchanganya mambo mawili yasiyo ndugu. Watu husema "wachezaji wa starehe" na "wachezaji hodari" kana kwamba ni ncha mbili za kamba moja, ilhali ujuzi ni jambo moja na nia ni jambo jingine. Yuko mwanagenzi ambaye hajui bado kutofautisha ishara ya mbali na ishara ya kuingilia stesheni, naye amekuja na daftari, ameiacha jioni yake nzima wazi, yu tayari kusikiliza. Na yuko mjuzi wa miaka mingi, aijuaye kila kona ya njia, ambaye leo amechoka na kazi zake za mchana, anataka nusu saa tu ya kusikia mngurumo wa injini kisha akalale. Nimemfahamu bwana mmoja wa namna hii ya pili, mtu mwema na dereva bora kuliko mimi, aliyekuwa akiiacha treni yake katikati ya njia mara kwa mara kwa sababu saa yake ilikuwa imekwisha. Hakuna mwanagenzi aliyetuharibia ratiba kama alivyotuharibia yeye, na hakuna aliyethubutu kumwambia, maana jina lake lilikuwa juu katika orodha ya wajuzi.

Basi mwenye seva akitaka kutenga kwa haki, na asianze kumwuliza mtu anajua nini. Aanze kumwuliza ana muda gani. Safari kutoka Katowice mpaka Warszawa huchukua zaidi ya saa mbili kwa saa ya kweli, na mchezo hauifupishi. Mwenye saa moja na apewe kazi ya saa moja, awe bingwa au asiwe. Baada ya hapo ndipo aulizwe kama anaijua njia ile, kisha kama anaijua aina ile ya injini. Maswali haya matatu, yakiulizwa kwa staha na kujibiwa kwa kweli, hufanya zaidi ya nusu ya kazi ambayo watu wamejaribu kuifanya kwa hesabu za alama na vyeo.

Nikizitaja alama, sina budi kusema kwamba hesabu nyingi tulizoazima kutoka michezo mingine hazitufai. Ile kanuni mashuhuri ya kuwapanga wachezaji kwa nguvu zao, iliyobuniwa na Arpad Elo kwa ajili ya sataranji na kupokewa na shirikisho la dunia la mchezo huo mwaka 1970, husimama juu ya msingi mmoja, nao ni kwamba wako wawili na mmoja lazima amshinde mwenziwe au watoke sare. Katika reli hapana wa kumshinda. Dereva na mwelekezaji wa ishara si washindani; kila mmoja hufaulu kwa kufaulu kwa mwenziwe. Alama zinazotolewa kwa wingi wa kilomita nazo hudanganya, kwa sababu humtukuza aliyekaa muda mrefu, hata kama katika muda huo amepita ishara nyekundu kumi. Mfano ulio karibu zaidi na haja yetu naupata katika iRacing, mchezo wa mashindano ya motokaa ulioanza mwaka 2008, ambao humpa kila dereva hesabu mbili zilizo mbali mbali: moja ya kasi na ushindi wake, na nyingine ya usalama, inayopimwa kwa idadi ya makosa ikilinganishwa na idadi ya kona alizopita; na hii ya pili ndiyo inayomfungulia daraja za leseni, kutoka ile ya wanaoanza, kisha D, C, B, hata kufikia A. Sisi tungeiacha hesabu ya kwanza kabisa na kuichukua ya pili peke yake: makosa mangapi kwa kila kilomita mia. Kupita ishara nyekundu ni kosa, kuvunja mpaka wa kasi ni kosa, kuiacha treni njiani pasipo kumjulisha mwelekezaji ni kosa. Mwenye kilomita mia mbili zilizo safi na apewe imani kuliko mwenye elfu kumi zilizochafuka, na hesabu za mwaka uliopita zisahauliwe, ili mtu asibebe dhambi za uanagenzi wake milele.

Lango lenyewe lisiwe na upana mmoja kwa kazi zote. Lipimwe kwa kadiri ya madhara ambayo mtu aweza kuwapatia wengine. Dereva akikosea huzuia njia moja. Mwelekezaji akikosea huzuia stesheni nzima, na aweza kuzipeleka treni mbili kutazamana. Jamaa wa VATSIM, mtandao wa wapenzi wa urubani wa kuigiza uliosimamishwa mwaka 2001, wamelifahamu jambo hili zamani: rubani kwao huingia baada ya mtihani mfupi wa misingi, lakini atakaye kuongoza ndege hupandishwa daraja kwa daraja, kutoka S1 hata S3, kisha C1, na kila daraja ina mafunzo na mtihani wake mbele ya watu wazoefu. Naliona hili ni jambo la insafu kabisa. Mgeni wa treni na akaribishwe leo. Mgeni wa kibanda na angojee.

Walakini hata hapa hali za michezo hazifanani. Katika SimRail, treni isiyo na mtu huendeshwa na kompyuta, na kibanda kisicho na mwelekezaji husimamiwa na kompyuta vile vile, kwa hiyo mtu akiondoka ghafla, kazi haianguki chini kabisa. Pana mkono mwingine wa kuishika. Katika Train Driver 2 mambo hayako hivyo: mwelekezaji ndiye mwenye kuifungua sehemu yake ya njia, na treni hutoka kwa mwelekezaji mmoja kuingia kwa mwingine kama mgeni apitaye nyumba kwa nyumba; mmoja akifunga mlango, safari hukatika hapo. Kwa hiyo seva yenye msaada wa kompyuta yaweza kuwa karimu, na ile inayotegemea watu watupu haina budi kuwa na hadhari zaidi.

Sasa niseme juu ya kugawa kazi zenyewe, maana hapa ndipo mwenye seva huonyesha kama anaijua reli au hajui. Watu wengi hudhani ya kuwa treni ya mizigo, kwa kuwa huenda polepole, ni ya mwanagenzi, na treni ya abiria iendayo kasi ni ya bingwa. Hilo si kweli, na ndilo lililoniponza mimi usiku ule. Twende Poland tukatazame. Treni ndogo ya abiria ya EN57, ambayo ilianza kutengenezwa tangu mwanzo wa miaka ya 1960 na kuwazoesha Wapoland safari kwa vizazi viwili, ina breki zinazoamrishwa kwa umeme, hata behewa la mwisho hushika karibu sawa na la kwanza. Mwanagenzi akikosea kidogo kabla ya stesheni aweza kurekebisha. Lakini mpe injini ya ET22 yenye mabehewa mazito nyuma yake, na umwambie asimame mbele ya ishara. Breki zile huamrishwa kwa hewa iliyo katika bomba lenye urefu wa treni nzima. Amri hutoka mbele ikisafiri kwenda nyuma, na vivyo hivyo uachiaji wake, kwa hiyo dereva hana budi kuamua mapema sana, akilitazama jambo ambalo bado haliko mbele ya macho yake. Mimi niliamua nilipoiona taa. Nilikuwa nimechelewa kwa nusu kilomita.

Kwa hiyo EN57 na apewe mwanagenzi, lakini si katika njia yoyote ile. Iko njia kuu iitwayo CMK, yenye urefu wa kilomita 224, itokayo Zawiercie mpaka Grodzisk Mazowiecki karibu na Warszawa, iliyojengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya makaa na chuma cha Silesia, na ambayo Desemba 2014 treni za kasi za ED250 zilianza kuipita kwa kilomita 200 kwa saa. Katika njia hii, treni moja iliyosinzia huziharibu zile za kasi kwa muda mrefu, kwa sababu tofauti ya mwendo ni kubwa mno na mahali pa kupishana hapako karibu karibu. Mwanagenzi na afundishwe huku kwenye stesheni zilizosongamana za Silesia, karibu na Sosnowiec na Katowice, ambako mwendo ni mdogo, na ambako kuchelewa kwa dakika mbili hufidiwa katika kituo kinachofuata. Najua wajuzi wengine watapinga, wakisema makutano ya Silesia ni magumu. Ni magumu kwa mwelekezaji. Kwa dereva wa EN57, kazi ni kusimama, kungoja, na kuondoka, na huo ndio msingi wa kazi yote.

Ya California ni magumu zaidi. Pito la mlimani la Cajon lina miteremko ya asilimia 2.2, na njia yake moja ya zamani hufika asilimia 3, na breki za treni za mizigo za Kimarekani zina tabia ambayo mgeni lazima aambiwe kwa maneno bayana kabla hajaipanda: haziachii kidogo kidogo. Katika Ulaya dereva aweza kupunguza nguvu ya breki hatua kwa hatua. Marekani, akizilegeza, zimelegea zote, na hewa ya kuzikaza tena hulazimika kujazwa upya huku treni ikizidi kushika kasi. Atakayelegeza mara mbili tatu mteremkoni hujikuta hana hewa. Na haya si mambo ya mchezo peke yake. Tarehe 12 Mei 1989, treni iliyopakia madini ya trona ilishindwa kusimama ikishuka kuelekea San Bernardino, kwa kuwa uzito wake ulikadiriwa chini ya uzito wa kweli na baadhi ya injini zake hazikuwa na breki za umeme zilizotegemewa. Ikaacha reli penye nyumba za watu, na roho za watu zikapotea. Ninapoendesha mahali pale katika Run 8 sisahau tukio hilo, na huwataka wenzangu wote wasilisahau. Mwanagenzi asipewe treni nzito ya kushuka Cajon. Apewe treni fupi ya kupanda, au akae katika injini moja na mjuzi, kwa sababu Run 8 huruhusu watu zaidi ya mmoja katika treni moja, huyu akiendesha na yule akishuka kugeuza swichi na kufunga mabehewa.

Jambo hilo la watu wawili katika injini moja ndilo dawa niliyoiona ikiponya kuliko zote. Reli zetu za zamani, enzi za mvuke, hazikumtoa dereva chuoni na kumkabidhi treni. Mtu alianza kwa kuosha injini, akawa fayamani, mchochea moto wa injini, akakaa miaka upande wa pili wa dereva akitazama mkono wake, na alipofika siku ya kushika wenzo wa mvuke alikuwa ameshaziona mvua, ukungu na miteremko yote ya njia ile. Seva yaweza kuifufua ada hiyo kwa juma moja badala ya miaka. Kila mjuzi achukue fayamani mmoja, asizidishe. Safari ya kwanza fayamani atazame na kuuliza. Ya pili asome ratiba na ishara kwa sauti huku mjuzi akiendesha. Ya tatu washike kwa zamu. Ya nne mjuzi anyamaze. Baada ya safari nne njia mbili zilizotengana huwa zimeungana zenyewe, kwa kuwa mwanagenzi sasa ana mtu mmoja upande wa pili anayemjua kwa jina na kumdhamini.

Kuhusu saa za kukutana, ushauri wangu ni kwamba kutenga kwa saa ni bora kuliko kutenga kwa ukuta. Seva hiyo hiyo yaweza kuwa ya matembezi mchana na ya ratiba usiku. Mchana, atakaye na aingie, ajaribu, akosee, asimame, aulize. Ikifika saa iliyotangazwa, kanuni kali zianze, na kila mmoja ajue tangu mapema. Kwa sisi tulio pwani ya Afrika Mashariki, ni muhimu kukumbuka ya kuwa saa ya Poland iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, basi kikao kinachoanza kwao saa mbili usiku huanza kwetu saa tatu au saa nne, na aliye na kazi alfajiri aamue mapema kama atakiweza. Kucheleweshwa kidogo kwa mawasiliano kutokana na umbali hakutudhuru sana, maana treni huamuliwa kwa dakika. Kinachotudhuru ni umeme kukatika. Ndugu zangu, kama mtaa wenu una desturi ya kukatika umeme jioni, msiombe treni ya CMK jioni hiyo, na mwambieni mwelekezaji kabla ya kuondoka, ili ajue kwamba ukimya wenu si utovu wa adabu.

Liko pia jambo la lugha, ambalo halisemwi sana na lina dhulma ndani yake. Wengi wetu tunaoijua kazi tumehesabiwa kuwa wanagenzi kwa sababu tu hatukujibu haraka katika redio, kwa Kipoland au kwa Kiingereza, ilhali mikono yetu ilikuwa imeshatii amri. Mwenye seva ya kimataifa akitaka kupima ujuzi, na apime vitendo. Na maneno ya redio ayafanye machache, ishirini tu, yasiyobadilika: nambari ya treni, mahali, ombi, kisha kurudia amri iliyotolewa. Mtu aweza kuyajifunza maneno hayo ishirini kwa jioni mbili. Nasi kwa upande wetu tusione haya kuyaandika katika karatasi na kuibandika kando ya kioo. Mimi karatasi yangu ingalipo mpaka leo, imepauka.

Kwa mgeni mwenyewe sina mengi. Jifunze injini moja ukiwa peke yako kabla ya kuja mbele za watu, mpaka vile vyombo vya usalama, kama ile taa ya Kipoland inayomtaka dereva abonyeze kila baada ya dakika moja ili kuthibitisha kwamba yu macho, visikushtue tena. Ukiingia, sema ya kuwa u mgeni. Sijaona bado mwelekezaji mwema aliyelichukia neno hilo, na nimewaona wengi waliochukizwa na aliyelificha. Usipoielewa ishara, simama. Treni iliyosimama mbele ya ishara huchelewesha watu kwa dakika chache, na iliyoipita huwapotezea jioni nzima. Na ukilazimika kuondoka, uondoke stesheni, si njiani, baada ya kutoa habari.

Kwa wajuzi nasema kwa uchungu zaidi, kwa kuwa mimi ni mmoja wao sasa, na najua jinsi ghadhabu inavyopanda pale kazi ya saa mbili inapoharibiwa na mkono usiojua. Kosa la mtu lisisahihishwe mbele ya redio ya wote. Mwelekezaji aseme penye redio yale tu yanayohitajika ili njia ifunguke, na maelezo mengine ayaweke kwa faragha baada ya kikao, akianza na lile ambalo mtu yule alilitenda vizuri, kwa kuwa aghalabu lipo. Anayestahili kushushwa daraja ashushwe kwa muda uliotajwa, safari tano au juma moja, na aambiwe siku ile ile kazi gani anaweza kuifanya wakati huo, maana adhabu isiyo na mwisho ni kufukuza kwa jina jingine. Wanaokusudia kuharibu, wale wapitao ishara nyekundu kwa makusudi na kucheka, hao si wanagenzi wala si wa starehe. Waondolewe mara moja, na shauri lao lisitumiwe kuwa hoja ya kuwabana wageni wote. Badala ya kuwabana, wapewe ngazi: katika Railroader, mchezo wa Kimarekani uliotolewa Desemba 2023, mwenye reli hupewa uwezo wa kumpa kila mgeni ngazi ya ruhusa, kuanzia abiria ambaye hupanda tu na kutazama. Na hiyo ngazi ya abiria naipenda mno, kwa sababu humpa mtu haki ya kuwapo hata kabla hajapewa haki ya kugusa.

Seva ninayoisaidia siku hizi ina daftari dogo kwa kila kibanda. Mwelekezaji anapotoka huandika treni zilizo njiani, nani ni mgeni, nani yuko pamoja na fayamani, na ni treni ipi isiwekwe mbele ya ipi. Anayeingia husoma kwa dakika tano kabla ya kugusa swichi yoyote. Juma lililopita nilipokea kibanda cha Zawiercie, na katika ukurasa wa mwisho mtu alikuwa ameandika ya kuwa dereva wa EN57 inayotoka kusini yumo katika safari yake ya kwanza peke yake, asiharakishwe. Niliifungua njia mapema, nikaizuia treni ya mizigo katika njia ya pembeni, na kupitia dirisha la kibanda nikazitazama taa za mabehewa yake matatu zikiingia stesheni, polepole, zikasimama mita chache kabla ya mahali pake.

"Zawiercie, nimefika," alisema, kwa maneno yale ishirini.

Nikamwambia asogee kidogo mbele, kwamba ana nafasi.